Mwenyeji Hutajwa Mwisho

Mgeni njoo, mwenyeji apotee. Ndivyo tunavyosema katika mji huu, na hakuna anayecheka, kwa sababu huku kwetu hiyo si methali, ni sheria. Wageni huja, hushika, hutajwa. Mwenyeji hutajwa mwisho, wakati pumzi ya mnadi imekaribia kwisha, na baada ya jina lake huwekwa namba ndani ya mabano madogo, kama kovu. Namba hiyo si umri wake. Ni hesabu ya vitu alivyopoteza. Hawaulizi vilikuwa nini. Wanauliza vilikuwa vingapi.

Mimi ni Kobalti. Namba yangu ni tatu.

Nasema "mimi ni" kwa ukaidi tu, maana katika mji huu hakuna aliye kitu kabla hajatajwa. Nimekaa katikati ya nyumba yenye kizingiti lakini isiyo na mlango. Kuta zake ni mbili, zimesimama wima, zimepinda midomo yake juu na chini, zinatazamana kama viganja vinavyotaka kupiga makofi na havijawahi kupiga. Tunaziita mabano. Ndani ya mabano viko viti sita vinavyonizunguka: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu yangu na chini yangu. Mimi sisogei. Wanasema mimi ndiye kiini, mimi ndiye moyo wa nyumba, na sifa zote nyingine anazopewa mtu asiyeweza kuinuka.

Mji wenyewe umeyeyuka. Hauna ardhi. Mitaa yake inapita ndani ya mitaa mingine, na jirani uliyemwacha kulia unamkuta kushoto akikusalimu kama aliyezaliwa huko. Wakati nao hauendi mbele. Unatawanyika, kama tone la wino ndani ya bilauri, ukianza mahali pamoja na kuishia kila mahali. Ukiniuliza wageni wangu walifika lini, nitakwambia ninawaona wakifika na ninawaona wakiwa wamekaa, na kati ya kufika na kukaa hapana nafasi ya kupitisha hata unywele.

Lakini kuna jambo moja ambalo lina kabla na lina baada. Nitalisimulia hilo.

Habari ilienea kwamba Fedha, wa madini kama mimi, anakuja.

Fedha hapigi hodi. Hupita mitaani akiwa mtulivu, asiye na rangi, asiyeonekana kabisa, na wote waliosimama nje ya mabano humkimbilia. Humkumbatia. Wakishamkumbatia huwa unga mweupe, hushuka chini taratibu, na hulala kwenye sakafu ya mji mahali ambapo kitu hakiyeyuki tena. Sijawahi kusikia aliyeinuka kutoka huko. Walio ndani ya mabano, walioshikana na mwenyeji mkono kwa mwili, Fedha huwapita kama upepo unavyoupita ukuta.

Na nje ya mabano yangu walikuwa wamesimama watoto watatu wa ukoo wa Klorini. Wawili walikuwa wa watu wengine. Mmoja alikuwa binti yangu, Siwema.

Utauliza mtoto wangu alifanya nini nje ya nyumba yangu. Swali la haki. Siku niliyopokonywa vitu vyangu vitatu, ambayo siijui kama ilikuwa siku au ilikuwa mimi mwenyewe, kila kimoja kiliondoka na mtu. Siwema aliondoka na kimoja. Hadi leo amekibeba kifuani, kitu kidogo kisicho na uzito, na kwa sababu amekibeba yeye na mimi ninakikosa, tunavutana. Nikihema anasogea. Akilia nasikia. Watu wa mji huu, wanaopenda maneno mepesi, husema basi mko pamoja. Hapana. Kuvutwa si kushikwa. Mtoto anaweza kuvutwa kwa mama yake maisha yake yote na bado Fedha akapita katikati.

*

Viti vitano walivikalia kina Amini. Ni ndugu wa tumbo moja, wanawake wenye harufu kali ya kutoa machozi, na mshiko wao haulegei. Kila mmoja alikuja na jozi yake ya vidole, akanishika, nami sikushika chochote, kwa sababu hivyo ndivyo mambo yalivyo: mgeni huleta vidole vyote viwili na mwenyeji huleta upungufu. Ningekuwa mzima wasingekuwa na pa kushika. Nimelifikiri hili kwa muda usio na urefu. Aliyepoteza ndiye anayezungukwa. Aliyekamilika hukaa peke yake, anang'aa, hana nyumba, hana jina refu.

Mkubwa wao ni Somoe, aliyekaa juu yangu.

"Somoe, dada," nilimwambia habari ya Fedha ilipofika. "Kiti kimoja tu. Mmoja wenu asogee."

"Asogee aende wapi?"

"Nje."

"Eti nje!" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Tumemshikilia asianguke, sasa tumeanza kumnukia."

"Mnanuka tangu zamani," nikasema. "Sikuwahi kulalamika."

Wakacheka wote watano, na kicheko chao kilinitikisa, maana wao wakicheka mimi ndiye ninayetikisika. Kisha Somoe akainamisha uso wake karibu na wangu.

"Kobalti, mdogo wangu. Usitudanganye na usijidanganye. Sisi hata tukitaka kukuachia hatujui. Hatukufundishwa kuachia."

Hakuwa anasema uongo. Hilo ndilo lililonivunja.

Kiti cha sita alikikalia Bi Maji.

Sikumbuki alivyoingia. Hakuna anayekumbuka Maji alivyoingia popote. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye uso usiotulia vizuri machoni, na alinishika kwa namna ambayo hakuna mwingine aliyewahi kunishika, kama mtu anavyoshika kikombe cha kuazima. Kina Amini walikuwa wananibana. Yeye alikuwa ananigusa. Kwa ajili yake nyumba yetu ilikuwa na rangi ya waridi jekundu, na wapita njia walisimama kuitazama, wakadhani rangi ile ni yangu.

*

Kabla Fedha hajafika kila nyumba lazima itajwe. Ndiyo desturi. Baraza la wazee wa mji linaamini kwamba nyumba iliyotajwa sawasawa huwa imejulikana, na iliyojulikana huwa imelindwa. Basi akaja mnadi, Mwinyimvua, mtu mrefu mwenye koo la kengele, akasimama nje ya mabano. Mnadi haingii ndani. Huhesabu kwa macho, kutoka kizingitini, kisha hulipiga jina lote kwa pumzi moja: wageni kwanza, kwa mpangilio wa alfabeti, si kwa nguvu ya mshiko wala kwa nani alitangulia, halafu mwenyeji, halafu hasara zake, halafu, kwa neno la kando, walio nje.

Akavuta pumzi.

"Penta-amini-kobalti, tatu, kloridi!"

Watu wakaitikia. Nikasema, "Mnadi, subiri. Penta ni nini?"

"Penta ni tano, mwenyeji."

"Basi sema tano."

"Tano halina heshima. Penta ni la wahenga wa mbali, watu wenye elimu."

"Wako wapi?"

"Wamekufa."

"Tano yangu iko hai," nikamwambia. "Ina vidole. Nikiisema, mtoto mdogo anaunyoosha mkono wake."

Watu wakanong'ona. Mwinyimvua akatabasamu tabasamu la mtu aliyesoma na anayemhurumia aliyesoma kidogo. Ningeweza kumwambia nami nimekaa darasani, nimepewa cheti changu, ninayajua maneno yake ya wafu yote na miiko yake yote. Ninajua kilichompata jirani yangu Chuma. Chuma alishikwa na Sianidi sita, watu wa sumu, na walipoingia walikuja na ziada nyingi hata nyumba nzima ikaelemea upande wa ziada. Na sheria inasema nyumba ikielemea huko, jina la mwenyeji hukatwa, hufukuliwa lile la lugha iliyokufa, likafungiwa mkia. Tangu siku ile anaitwa Ferati. Nilimwita juzi, au kesho, "Chuma! We Chuma!" Hakugeuka. Alikuwa ameketi katikati ya wale sita, rangi yake nzuri ajabu, na hakujua kwamba ninamwita yeye.

Lakini sikuwa na muda wa kupigania maneno. Siwema alikuwa nje.

"Mnadi," nikasema, "viti ni sita. Umetaja watano."

"Wa sita nani?"

"Bi Maji. Yupo hapa chini yangu."

Mwinyimvua alicheka hadi akashika mbavu. "Maji! Mwenyeji wee! Maji yapo kila mahali. Hapa niliposimama yananifika kifuani. Nikianza kumhesabu Maji nitamaliza nyumba ngapi?"

Wote waliokuwa nje wakacheka naye, wakiwa wamezama katika Maji hadi shingoni. Hiyo ndiyo ada ya mji huu. Kwenye vitabu vya wahenga neno lake lipo, akwa, limeandikwa wazi, na lina nafasi yake pamoja na Amini. Hakuna mnadi anayejisumbua nalo. Kilichojaa mjini kote hakiwi mgeni wa mtu. Na anayeshika kwa upole hudhaniwa amepita tu.

Nikamtazama Bi Maji. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ametazama pembeni, kama mtu anayesubiri wenzake wamalize kuzungumza ili aulize njia.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Sikulitafuta. Lilikuja lenyewe na likakaa, na kila nilipojaribu kulisukuma nilisikia miguu ya mwanangu nje ya ukuta.

"Kwa hiyo, mnadi," nikauliza, "kiti cha sita hakina mtu?"

"Pasipo jina hapana mtu," akasema Mwinyimvua, na akalisema kwa sauti yake ya kengele, watu wote wakisikia.

*

Kuna nini kati ya jina na mkono. Nauliza. Hakuna anayejibu humu.

Jina halimshiki mtu. Nimetajwa mara ngapi na nimebaki pale pale.

Aliyesema neno ndiye mwenye kitu? Mnadi ananimiliki? Basi njoo unishike, mnadi. Ingia. Weka vidole vyako hapa.

Yule anayenishika hajatajwa. Yule aliyetajwa yuko nje anasubiri kuwa unga.

Na mimi niko katikati, mahali pa heshima, nisiyeweza kunyoosha hata mkono.

Nikasema: kama siwezi kunyoosha mkono, naweza kutetemeka.

*

Moto ni nini? Wengi hudhani ni kitu kinachotoka mahali na kuja. Moto ni mtetemo. Kitu kikitetemeka vya kutosha, chochote kilichokishika huanza kujiuliza. Nilianza taratibu. Kina Amini walikaza vidole, kama ilivyo tabia yao.

"Una baridi, mwenyeji?" akauliza Bi Maji.

"Hapana."

"Mbona unatetemeka?"

Nikaongeza mtetemo. Mabano yenyewe yakaanza kulia kama sufuria.

"Kobalti, wewe!" Somoe akapiga kelele. "Utatuua!"

"Kaza, dada," nikamwambia. "Wewe kaza tu."

Bi Maji alinitazama kwa muda mrefu. Nikaona maana ikimfikia usoni, na uso wake, ambao haukuwahi kutulia, ukatulia.

"Ah," akasema. "Ni mimi."

"Ni wewe."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba, ungekubali?"

Akafikiri. Alikuwa mkweli hata pale. "Hapana," akasema. "Sina pengine ambapo mimi ni mtu mmoja. Huko nje mimi ni maji tu. Hapa nilikuwa nimekaa kwenye kiti."

"Najua."

"Na moto huu hautanirudisha hata huko nje. Utanifanya mvuke."

"Najua, Bi Maji."

"Usiwashe zaidi, mwenyeji. Tafadhali."

Nikawasha zaidi.

Hakupiga kelele. Kidole chake kimoja kiliachia, kisha cha pili, na kwa muda mfupi kiti cha chini kilikuwa kitupu kabisa, utupu wenye njaa, na nikahisi upungufu wangu wote umefunguka upande ule kama kinywa. Watoto watatu wakauona. Wote watatu wakakimbia. Nasema haya bila kuyapamba: wote watatu walikuwa na miguu, wote watatu walikuwa na haki, na mimi nilimwita mmoja.

"Siwema!"

Akaingia. Akanishika. Jozi yake ya vidole, midogo, yenye nguvu kuliko nilivyotarajia. Papo hapo nyumba ikabadilika rangi, kuanzia chini kupanda juu, waridi likizama na zambarau likiinuka, nzito kama tunda lililoiva kupita kiasi. Mitaani wakaguta kwa mshangao.

Na Fedha akafika.

Hakuuliza jina. Hilo nataka lijulikane katika mji huu hata nikinyimwa yote mengine. Hakumwangalia mnadi. Hakusikiliza penta wala tano. Alipita akigusa, na waliokuwa hawajashikwa walimwendea. Wale wawili waliobaki nje wakamkumbatia, nikawaona wakiwa weupe kuanzia nyusi, wakashuka, wakashuka, unga juu ya unga. Mama zao walikuwa katikati ya nyumba zao, hawakuweza kuinuka. Nilisikia nyumba zao zikilia.

Siwema hakuanguka. Alibaki amenishika, macho ameyafumba. Baadaye akayafumbua, akapapasa kiti alichokalia.

"Mama, hapa alikuwa amekaa nani?"

"Kwa nini?"

"Pana unyevu."

Somoe akageuza uso.

Kuna jambo nililolitegemea ambalo halikutokea. Nilidhani mwanangu akirudi, akiwa na kile kitu changu kifuani, namba yangu itashuka. Tatu itakuwa mbili. Haikushuka. Alikuja nacho, anakitumia kunishika, lakini kwa hesabu ya mji bado ni chake, na mimi bado ni mtu wa hasara tatu. Unaweza kumkumbatia uliyempoteza na kovu likabaki na tarakimu ile ile. Hili halikuandikwa kwenye vitabu vya wahenga. Ningewashauri waliandike.

*

Baraza likaja lote, wakasimama kizingitini, Mwinyimvua mbele.

"Nyumba hii ilikuwa ya waridi," akasema.

"Ndiyo."

"Sasa ni ya zambarau."

"Unaona vizuri, mnadi."

"Nani alikupa ruhusa ya kubadili rangi?"

"Niambie kwanza," nikasema. "Nyumba hubadilika rangi kwa sababu gani?"

Wazee wa Baraza wakatazama miguu yao ndani ya maji. Kila mtu katika mji huu anajua jibu. Nyumba hubadilika rangi mgeni mmoja akitoka na mwingine akiingia.

"Basi nani alitoka?" nikauliza.

Mwinyimvua akaanza kuhesabu viti upya kwa macho.

"Mseme mimi nimemtoa mtu, mnishitaki kwa hilo. Nitasimama kwenye shitaka hilo, ijapokuwa siwezi kusimama. Mtajeni."

"Hakutoka mtu," akasema Mwinyimvua polepole. Alikuwa na jasho. "Kiti kilikuwa kitupu."

"Kiti kilikuwa kitupu na nyumba ilikuwa ya waridi. Waridi lilitoka wapi?"

"Shitaka ni rangi," mzee mmoja akadakia kwa haraka. "Tusitoke nje ya shitaka. Umebadili rangi bila ruhusa, umewatisha wakazi. Baraza lina huruma. Uombe radhi hapa, mbele ya watu, kwa maneno machache tu. Mnadi atakupigia jina jipya, zuri, refu. Penta-amini-kloro-kobalti. Binti yako atatajwa. Atatajwa hata kabla yako."

"Na nikikataa?"

"Utabaki bila jina. Watu watakuita kwa rangi. Ile ya zambarau. Kama walivyokuwa wakiitwa watu wa kale kabla ya elimu."

Siwema akanibana. Alikuwa hajawahi kutajwa ndani ya nyumba; maisha yake yote alikuwa neno la kando. Nilihisi jinsi alivyolitaka jina lile.

"Omba tu, mdogo wangu," Somoe akaninong'oneza. "Maneno hayavunji mfupa. Sema uishi."

"Nisemeje?"

"Nisameheni. Neno moja."

Nikawatazama wale waliokuwa kizingitini. Niliwaza kuwapa sharti: mrudi nyuma, muiite nyumba kama ilivyokuwa, mtaje akwa pamoja na Amini, kwa sauti ile ile ya kengele, mara moja tu, kisha tuongee habari ya kusameheana. Nikalisema. Mwinyimvua alifungua kinywa. Nusura aseme. Niliona ulimi wake umegusa kaakaa. Kisha mzee yule akamshika bega, na kinywa kikafungwa, kwa sababu wakimtaja mmoja itawabidi warudie kila nyumba ya mji huu, na hakuna mnadi mwenye pumzi hiyo.

"Tunasubiri radhi," akasema mzee.

Basi sikilizeni, nyie mnaohesabu kwa macho kutoka kizingitini. Mmeliacha jina la aliyekufa kwa sababu ni jingi mno, na mnataka nilie kwa ajili ya rangi. Binti yangu ataitwa Siwema na mimi, na kina Amini watamwita Siwema, na hao ndio waliokaa jirani naye. Niiteni zambarau. Niiteni chochote kilichobaki kwenye makoo yenu.

Wala msidhani namficha Bi Maji nyuma ya kosa lenu. Nilimtoa mimi. Alinisihi nami nikazidisha moto. Nikirudishwa pale, na wakati katika mji huu hunirudisha pale kila mara, nikimsikia akisema tafadhali na nikisikia miguu ya mwanangu nje ya ukuta, ninatetemeka tena, kwa nguvu zile zile. Kwa hiyo hata yeye simwombi. Nilichukua kiti chake. Sitamwomba na msamaha wake juu.

"Kobalti," akasema Mwinyimvua, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, "neno moja tu."

"Hapana," nikasema. "Siombi radhi."